Shimo la Saba Bila Kengele

Nyinyi mnaoanza kazi msimu huu, kitu cha kwanza mtakachoonyeshwa ni mashine mpya ya kukatia nyasi, ile yenye kiti laini na mahali pa kuwekea kahawa. Itazameni, isifuni, kisha ombeni mwonyeshwe kikatio cha mashimo. Ni bomba la chuma lenye meno, na mshikio wake wa mbao umepauka kwa jasho la mikono ya watu wawili, mimi na mtu nitakayemtaja hivi punde. Kazi yetu yote imo kwenye bomba lile. Kila asubuhi unaziba shimo la jana, unakata la leo mahali pengine, na mzee wa miaka themanini na minane anapata sababu ya kutoka kitandani.

Meneja wa sasa ameniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ishirini na mmoja kwenye uwanja huu wa gofu, ziwekwe kwenye kijitabu cha wafanyakazi wapya. Kwa kuwa siku hizi nusu yenu mnatoka kwetu, akasema niandike kwa Kiswahili, yeye atatafuta wa kutafsiri. Alitaka kitu cha kuchangamsha moyo. Nilimwambia nitajaribu, na hapo nilikuwa namdanganya.

Niliingia hapa kwa kosa la sikio. Nilikuwa na miezi minne Toronto, nakaa Crescent Town kwenye chumba cha dada wa rafiki yangu, na wakala wa kazi akanipigia simu akisema kuna nafasi kwenye "kozi" huko kwa wazee. Mimi nikaielewa kozi kama tunavyoielewa Morogoro, yaani mafunzo. Nikanunua daftari na kalamu mbili, nikavaa blauzi ya kupigwa pasi na viatu vya kisigino, nikapanda mabasi mawili. Nikashushwa mbele ya kijiji cha wastaafu: majengo manne ya matofali, na katikati yake nyasi zenye vibendera tisa; kumbe kwa Kiingereza uwanja wa gofu nao huitwa kozi. Nilisimama pale nikajisemea kwa sauti, "Mungu wangu, darasa liko wapi?"

Mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu aliinua kichwa. Alitazama viatu vyangu, akatazama daftari, akatazama tena viatu.

"Mama," akasema, "weye ulikuya kufundisha majani kusoma?"

Huyo ndiye Mzee Kalombo, mkuu wa uwanja, mtu wa Lubumbashi. Huko kwao alikuwa fundi wa reli kwa miaka mingi, jambo ambalo hapa hakuna aliyewahi kumwuliza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea vifaa tu, Kifaransa alikihifadhi kwa kanisani na kwa kutukana mashine, na Kiswahili chake kilinichekesha wiki mbili kabla sijazoea. Siku ile alinipa viatu vya mpira vya mtu aliyeacha kazi, vikubwa kwangu kwa vidole viwili, na tukaanza. Daftari halikupotea bure. Alinifanya niandike ndani yake kila asubuhi shimo tumelikata wapi, ili tusirudie mahali pale pale kabla nyasi hazijapona.

Niwaeleze uwanja wenyewe, maana mtu akisikia gofu anafikiria matajiri na vigari vya umeme. Wetu una mashimo tisa, na refu kuliko yote halizidi hatua mia moja na ishirini. Shimo la pili unapiga juu ya kona ya paa la chumba cha kufulia nguo. Mpira ukiangukia kwenye roshani ya mtu, kwa sheria za hapa mpira ni wa mwenye roshani, na kuna bibi wa ghorofa ya pili alijaza mabakuli. Shimo la tano linazunguka mti wa matufaha machungu ambao hakuna anayeruhusiwa kuukata kwa sababu majivu ya mume wa mtu yamo chini yake. Mpira ukisimama chini ya gurudumu la kigari cha kujishikizia, unausogeza bila adhabu. Na vikombe vya mashimo havina kina: Mzee Kalombo aliweka ndani yake vipande vya mbao, mpira ukae juu juu, kwa sababu wengi wa wachezaji wetu wakishainama wanahitaji mtu wa kuwainua. Wacheza gofu wa mjini walikuwa wakituita uwanja wa watoto. Watoto hawagombani namna ile.

Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chenu cha mafunzo, nami nayaacha hapa. Grini, ile sehemu laini yenye shimo, usiikanyage ikiwa na barafu ya asubuhi. Utaona haijafanya kitu, lakini baada ya siku mbili nyayo zako zitatokea nyeusi na zitakaa kama ushahidi. Umande unaondolewa kwa fimbo ndefu ya mwanzi, unaipitisha polepole kama unayefunika mtoto shuka. Theluji ikiyeyuka mtakuta madoa ya kijivu ya ukungu. Msikimbilie dawa, chanueni nyasi zipate hewa kwanza. Bata bukini hawafukuzwi kwa kelele, wanazoea kelele kuliko sisi. Badilisheni tu mahali mnapoegesha trekta kila siku, wanachukia kisichotabirika. Hakunisifu hata siku moja. Kazi ikiwa nzuri alisema "bon", yaani vizuri, na kuondoka, na ile "bon" moja niliibeba hadi nyumbani.

Sasa nimlete Bwana Fernandes. Alikuwa Mgoa mzaliwa wa Nairobi, karani wa benki mstaafu, mgane, mwenye suruali iliyonyooshwa hata siku za mvua. Siku aliyonisikia nikibishana na Mzee Kalombo kwa Kiswahili aliacha mchezo wake katikati akaja mbio, kwa mbio za umri wake.

"Mama! Wewe iko sema Kiswahili? Toka wapi?"

"Morogoro, Bwana."

"Ah, Morogoro! Mimi kwisha pita Morogoro na treni."

Kiswahili chake, nisiseme uongo, kiliniudhi. Kilikuwa Kiswahili cha kuagiza chai na kuuliza gari limeoshwa au bado. Amezaliwa Nairobi, amekulia pale, na hakuwahi kukihitaji kwa jambo jingine zaidi ya kumtuma mtu. Lakini watoto wake walimjibu kwa Kiingereza, mkewe alikuwa amekufa, na hapa kijijini hakukuwa na mwingine wa kusema naye maneno yale ya utotoni. Nikalainika. Nilimfundisha "umande", akawa analitaja kila asubuhi hata siku zisizo na umande. Alikuwa akicheza peke yake mapema, kabla ya wote, ili atukute.

Shimo la saba mmeliona. Unapiga kutoka chini, grini iko nyuma ya kilima kidogo, humwoni aliyepo huko. Zamani kulikuwa na kengele ya shaba kwenye nguzo: ukimaliza unaigonga, wa nyuma anajua njia nyeupe. Halafu likajengwa jengo jipya upande ule, na wakazi wake wakalalamika kwamba kengele inawaamsha. Meneja wa wakati ule akaiondoa. Mzee Kalombo alipinga, kwa Kiingereza chake cha vifaa, na hakueleweka. Tukapewa bendera mbili, nyekundu na kijani, na amri kwamba tukiwa na kazi kwenye grini ile, mmoja asimame juu ya kilima na kuzipeperusha.

Tulizipeperusha kwa mwezi mmoja hivi. Baadaye, asubuhi zile ambazo Bwana Fernandes alikuwa peke yake, bendera zikawa zinachomekwa ardhini na sisi tunaitana kwa mdomo. Yeye chini, mimi juu, Mzee Kalombo nyuma yangu. Watu watatu wa nchi tatu wakipigiana kelele kwa Kiswahili mashariki ya Toronto, na hakuna mwingine pale anayejua tunasema nini. Tulifurahi sana kwa hilo. Nilifurahi mimi kuliko wote, na bendera zilikuwa kazi yangu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa kiangazi. Kingo za shimo la saba zilikuwa zimebomoka, na Mzee Kalombo alikuwa amepiga magoti akizitengeneza, mgongo wake ukielekea kilimani. Mimi nilikuwa juu. Bwana Fernandes alifika chini, akaweka mpira wake, akapaza sauti:

"Mama! Watu bado?"

Nikamjibu, "Bado!"

Someni tena maneno hayo mawili, nyinyi mnaojua lugha. Mimi nilisikia: watu bado wapo? Nikajibu: bado wapo. Yeye aliuliza: watu bado hawajafika? Nami nikamwambia: bado hawajafika, grini ni tupu. Mtu mwenye Kiswahili kizima angetia kitenzi. Mtu mwenye akili zake angeinua bendera nyekundu.

Nilisikia fimbo ikigonga mpira, ule mlio mkavu, na mpira ukanipita juu. Nikapiga kelele, "Mzee!" Na Mzee Kalombo, kwa sababu nimemwita, aligeuka na kuinua uso. Kama ningenyamaza ungempiga mgongoni. Nimelirudia jambo hilo kichwani miaka yote na halijawahi kutoka tofauti.

Ulimpiga jicho la kulia. Sitaeleza zaidi. Niliketi naye kwenye nyasi nikimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika, naye alikuwa akiniambia kwa upole nichukue kikatio kisije kikakanyagwa. Bwana Fernandes alipanda kile kilima bila kigari chake, akafika akilia.

"Mimi iko uliza watu bado. Wewe iko sema bado. Wewe iko sema, Mama."

"Nilisema bado wapo."

"Wapo hukusema. Bado tu."

Alikuwa na haki. "Wapo" sikusema.

Siku ya tatu niliitwa ofisini. Mzee Kalombo alikuwa hospitali, jicho limeshakufa. Meneja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa ameandaa karatasi. Nilimweleza kila kitu: kengele, bendera, kelele, maneno. Akaniuliza hilo neno maana yake ni "still", kwamba wapo hata sasa, au "not yet", kwamba hawajafika. Nikasema yote mawili. Nikaona kwamba hataandika lugha yenye neno la namna hiyo kwenye taarifa rasmi. Angeliandika, mkaguzi angeuliza kwa nini watu walikuwa wakiitana kwa mdomo, na kutoka hapo angefika kwenye kengele, na kengele aliiondoa yeye.

Karatasi yake ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Kalombo alimaliza kazi, akatoka kwenye grini, halafu akarudi bila kumtaarifu mtu yeyote. Kwa hiyo njia ilikuwa nyeupe, mchezaji hakukosea, msimamizi wa bendera hakukosea. Amekosea aliyeumia. Chini palikuwa na mstari wa jina langu.

Natamani niwaambie alinitisha. Hakunitisha. Alisema tu kwamba mambo yakiwa magumu huenda wakalazimika kutazama upya mikataba ya wote waliohusika, na mkataba wangu ulikuwa wa msimu hadi msimu, na binti yangu alikuwa anakuja kutoka Morogoro mwezi ule ule kwa barua ya kazi niliyopewa na ofisi hiyo hiyo. Alinisukumia kalamu. Nikajiambia Mzee yu mkubwa, amebakiza miaka michache, jicho halitarudi hata nikisema kweli. Mtu anayetaka kufanya ubaya hakosi sababu nzuri, nami nilikuwa nazo tatu. Nikatia saini.

Hawakumfukuza. Walisema mtu mwenye jicho moja hawezi kuendesha mashine, na kwa kuwa taarifa ilionyesha hakufuata utaratibu, msimu ulipoisha hawakumwita tena. Alikuja kuchukua kofia yake na redio yake, akanikabidhi kikatio cha mashimo mkononi. Alinionyesha jinsi ya kunoa meno yake kwa tupa, jambo alilokuwa amenionyesha mara kumi. Hakuniuliza kitu. Nilishukuru kwamba hajui.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nikawa mkuu wa uwanja. Bwana Fernandes hakucheza tena. Nilimkuta siku moja kwenye korido, nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana Fernandes," na akanijibu "Good morning" kama anavyomjibu mtu wa kuleta barua. Aliishi miaka miwili zaidi na sikumsikia tena akisema Kiswahili, si kwangu, si kwa mwingine. Lugha aliyoipenda ilikuwa imempeleka pabaya, na mimi nilikuwa naye njiani. Kwenye mazishi yake mwanawe alinishukuru kwa urafiki niliompa baba yake, nami nikapokea shukrani hizo pia.

Jambo la kwanza nililoomba kwa cheo changu lilikuwa kengele. Wakazi wa jengo jipya walikataa tena. Ndipo nikapata kile kioo kikubwa cha duara mnachokiona juu ya mlingoti, cha aina ya kona za barabara, kinachomwonyesha mpigaji grini nzima kutoka chini. Wageni wanakipiga picha. Wanasema ni kimojawapo cha vituko vya uwanja wetu, pamoja na paa la kufulia na mti wa majivu. Sikuwahi kuwaambia kilivyopatikana, na kila niliyemfundisha kazi nilimwambia tu kisafishwe Jumatatu na Alhamisi kwa gazeti na siki.

Nilistaafu mwisho wa msimu uliopita. Walinifanyia karamu, wazee wakaimba. Wiki iliyofuata nilipanda basi hadi Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja, anakokaa Mzee Kalombo na binti yake Béa. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa nampigia simu sikukuu, tunaongea habari za mvua. Mlangoni Béa alinikumbatia. Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, kope ya jicho la kulia imeshonwa vizuri.

"Mama Zuhura," akasema. "Mwaka huu mulipata ukungu?"

"Kidogo, Mzee. Tulichanua."

"Bon."

Nikamwambia nimekuja na neno. Nikalisema lote, na karatasi, na saini, na binti yangu, na zile sababu tatu. Béa aliacha kumimina chai. Mzee Kalombo alisikiliza mpaka mwisho, na aliponijibu sauti yake haikupanda.

"Miye nilijua. Meneja alinisomea ile karatasi ku hospitali, Béa akatafsiri, kusudi nisipige kelele. Jina yako ilikuwa chini."

"Ulijua? Na siku ile ukanipa kikatio?"

"Kikatio ilikuwa ya kazi. Kazi ilihitaji mtu mwenye anajua."

"Mbona hukuniambia, Mzee? Miaka yote hii."

"Nilikuwa nangojea weye. Kila Noeli ulikuwa unaita ku simu, nasema na Béa, leo atasema. Unasema mvua." Alijifuta jicho zima kwa kiganja. "Mama, kama ungekuya wakati ulikuwa na kazi ya kupoteza, ningekupatia mkono. Weye ulingoja pensheni ifike. Sasa unasema kweli, na haikuombi kulipa kitu."

Nilimwomba msamaha kwa jina la Mungu. Akasema Mungu ana wake wa kutoa, hajui kama yeye Kalombo anao. Halafu akamwambia Béa anisindikize hadi kwenye lifti, kwa kuwa ule mlango wa korido ni mzito kwa mgeni. Chai niliiacha imejaa.

Nilikwenda ofisini kesho yake nikitaka kuifuta saini yangu. Meneja wa sasa ni mtu mwema na hakuwapo wakati ule. Alitafuta, akaniambia mafaili ya zamani hivyo hayapo tena, na kwamba mwenzake wa wakati huo amehama jimbo. Kisha akanikumbusha habari ya kijitabu. Nimefikiri sana kama niwaandikie habari za nyasi peke yake. Nanyi mtaona wenyewe kama ukurasa huu umewafikia mzima au umekatwa.

Karatasi ile ilisema Kalombo alitoka kwenye grini akarudi bila kumtaarifu mtu. Hakutoka. Alikuwa pale tangu tulipofika, amepiga magoti, anafanya kazi yake kwa utaratibu, na mimi Zuhura niliyetia saini nilikuwa namwona.